Korongo Liitwalo Baluku

Bughendero, Bwera
Jumatano, 14 Januari 2015

Kwa Oyet, Karani
Kamati ya Bonde la Mto Nyabitsi, Kasese

Ndugu Oyet,

Kazi ya kwanza ya kuurekebisha mto Nyabitsi itafanyika katika shamba la Bwana Baluku. Hayo alisema mwenyekiti wenu, Bwana Elly, jana redioni, saa moja jioni. Alisema orodha ya sehemu nne imepitishwa, na kwamba mwenye pingamizi alilete kwa maandishi ndani ya siku thelathini, yaani kabla Februari 12 haijaisha. Pingamizi likipokelewa kwa wakati, orodha itarudi kijijini.

Hili ndilo pingamizi. Lina swali moja: Baluku yupi?

Nilikuwa kwenye mkutano wa Novemba 20 katika ukumbi wa kanisa letu, na nimezoea kuandika ninayoyasikia. Miaka ishirini na mmoja nilituma habari redioni kutoka mpaka huu. Tulikuwa watu sitini na watatu. Mtaalamu wenu, Ampeire, binti wa Mbarara, alileta karatasi kubwa yenye michoro ya mto na mfuko wa maharagwe. Kila mtu aweke maharagwe mahali anapotaka paanze. Muzee Yafesi akakataa. Alisema, "Binti, maharagwe ni ya kupika. Mahali hapa tunapajua kama watoto wetu. Tupange kwa kuzaliwa."

Wewe umezaliwa Kasese, huhitaji kuelezwa. Kwa ajili ya mtu mwingine atakayesoma barua hii: kwetu sisi Bakonzo mtoto wa kiume wa kwanza huitwa Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule. Basi Baluku ni korongo lililo juu ya shule. Bwambale ni chemchemi ya bomba letu, iliyokatiwa miti. Masereka ni kivuko cha ng'ombe. Kule ni mikaratusi iliyopandwa kwenye kinamasi. Watu walicheka, wakakubali, kazi ikaisha kwa nusu saa. Ampeire aliandika kila jina kando ya mchoro wake. Hakuna mtu yeyote aliyetajwa siku ile, wala shamba la mtu.

Ukingo wa korongo lile ulipata ufa kwenye mvua za 2013. Jana nilipima kwa hatua: kutoka kwenye ufa hadi ukuta wa darasa la pili ni hatua thelathini na nane. Shule ina watoto 412. Mvua zinaanza katikati ya Machi. Nyavu za waya za kujaza mawe, mianzi na matete visipokuwa ardhini kabla ya hapo, hakuna haja ya kuvileta.

Ninaandika kwa sababu simu haigongwi muhuri. Gonga muhuri wa kupokea kwenye nakala ya pili, umpe Habibah wa duka la vitenge aliyeileta, anirudishie.

Msalimie mama yako Amony. Mwambie sufuria yake bado ninayo.

Edisa Mbambu
Katibu, Kikundi cha Watumiaji Maji


Kasese
Alhamisi, 22 Januari 2015

Mama Edisa,

Salamu nyingi. Barua yako ilifika tarehe 16 na nimeisoma kwa makini.

Orodha imetokana na ripoti ya mtaalamu. Kwenye ripoti imeandikwa hivi: "1. Shamba la Bw. Baluku. 2. Shamba la Bw. Bwambale. 3. Shamba la Bw. Masereka. 4. Shamba la Bw. Kule." Ofisi haina mamlaka ya kubadilisha maneno ya mtaalamu. Kazi ya mwenyekiti ilikuwa kuwatafuta wenye mashamba, na amewapata wote.

Haikuwa rahisi. Baada ya tangazo la redio, Jumatatu walikuja ofisini akina Baluku kumi na mmoja. Benchi halikutosha. Mmoja alitoka Bwesumbu, ambako Nyabitsi haupiti kabisa. Nilipomwambia hivyo alisema, "Karani, mto ni mto." Mwingine alileta kadi ya ubatizo. Wawili walikuwa ndugu wa tumbo moja, na mkubwa alikuwa anamfukuza mdogo: "Huyu ni Bwambale! Amekuja kuiba!" Mdogo akasema kaka yao wa kwanza alikufa, kwa hiyo sasa wote wamepanda ngazi. Benchi zima lilimcheka. Mzee mmoja alimwambia, "Kaa chini. Kaka akifa, Bwambale anabaki Bwambale mpaka kaburini." Nilicheka pia, Mama, samahani.

Mwenyekiti alimchagua Baluku mwenye tanuri za matofali karibu na daraja la barabara kuu, kwa vigezo vya kitaalamu.

Kwa heshima nakushauri uliache jambo hili lifuate utaratibu. Kamati inaijua hali ya shule na itaiangalia katika awamu ya pili.

Mama anasema sufuria hiyo sasa ni yako.

Wako,
Oyet


Bughendero
Alhamisi, 5 Februari 2015

Ndugu Oyet,

Miche mia sita ya mianzi imeshushwa kwa Baluku wa matofali. Aliyeniambia ni aliyeiotesha: Anselme, Mkongo wa Butembo mwenye kitalu cha miche Mpondwe. Jana nilikwenda naye kuiona.

Umekaa Kasese ofisini, kwa hiyo nakueleza kilichopo kwenye sehemu yenu ya kwanza. Kuna mashimo saba ya udongo wa matofali. Matano yamejaa maji ya kijani yenye ukoko juu. Katika la sita kuna mbwa aliyekufa, amevimba, na wafanyakazi wanapiga matofali hatua nne kutoka hapo. Machinjio ya sokoni yanamwaga kinyesi cha utumbo kwenye mfereji unaopita katikati ya eneo, na mfereji unaingia mtoni. Uvundo wake unashika kooni. Nilitema mate njia nzima ya kurudi, na mimi si mtu wa kutema mate. Mianzi imepangwa juu ya jivu la tanuri, mizizi ikiwa bado kwenye mifuko, kando ya kibao kipya chenye maneno "Tuokoe Mto Wetu". Mto wenyewe uko mita mia mbili kutoka hapo.

Anselme alisimama, akavua kofia.

"Mama Edisa, mimi niko mutu ya miti. Banasema peleka kwa Baluku, mimi napeleka. Sasa hapa hata majani haiwezi kuota!"

Nikamuuliza kwa nini aliishusha.

"Banataka picha tu, Mama. Bakishapiga picha, mianzi ikufe, bo beko sawa."

Baluku mwenyewe alikuwepo. Ni mtu mnene mwenye heshima, alinipa kiti. Mke wake ni dada wa Mwenyekiti Elly, aliniambia bila kuulizwa. Nilipomwambia kwamba Baluku aliyetajwa ni korongo, alicheka mpaka akashika tumbo.

"Mama, mimi sikuomba kitu. Redio ilisema Baluku, mimi ni Baluku. Ulitaka nilikane jina alilonipa baba yangu? Si mngeliita korongo lenu jina lingine!"

Simlaumu sana. Amekuta mlango uko wazi. Nataka kujua aliyeufungua.

Karatasi kubwa ya Novemba 20 haikuondoka Bughendero. Ampeire aliipiga picha, akaiacha. Nimeikunjua leo asubuhi. Imeandikwa BALUKU, na kando yake umechorwa mteremko, ufa, na shule yenye bendera. Hakuna neno "shamba". Hakuna "Bw." Nimempigia Ampeire simu huko Mbarara. Anasema alimtumia karani picha pamoja na maelezo ya kila mchoro, na kwamba ripoti ilichapwa Kasese.

Kwa hiyo naomba jibu: nani aliongeza herufi mbili na nukta?

Na hukunirudishia nakala yenye muhuri. Zimebaki siku saba.

Edisa Mbambu


Kasese
Jumatatu, 16 Februari 2015

Mama Edisa,

Nisamehe kwa kuchelewa. Tulikuwa Mweya, mbugani, wiki nzima kwenye warsha ya kuthibitisha vipaumbele vya mto, na muhuri wa ofisi alikuwa nao mwenyekiti. Ndiyo maana nakala yako haikugongwa.

Muda wa pingamizi ulifungwa Alhamisi. Mwenyekiti amewatangazia wajumbe kwamba hakuna pingamizi lililopokelewa, na orodha sasa ni ya kudumu.

Kuhusu herufi mbili na nukta, hilo ni kosa la uchapaji tu. Tumezoea kuweka "Bw." mbele ya jina kwa heshima. Sidhani kuna aliyekusudia ubaya.

Kuhusu warsha hakuna mengi. Tulioneshwa ramani. Siku ya tatu tulipandishwa boti tukaangalie viboko. Kwenye chakula mjumbe mmoja aliuliza kuhusu korongo la Bughendero, na mwenyekiti akasema, "Watu wa mlimani wanalipa shimo jina la mtoto. Kesho watataka tulipeleke kliniki likapimwe uzito." Watu walicheka. Nakuambia hili ili ujue hali ilivyo, si kwa nia mbaya.

Mkataba wangu uliokuwa unaisha mwezi huu umeongezwa miaka miwili. Namshukuru Mungu.

Mama anakuulizia.

Oyet


Bughendero
Ijumaa, 20 Februari 2015

Oyet,

Unaandika kwamba hakuna pingamizi lililopokelewa. Barua yako ya Januari 22, ninayo hapa mezani, inasema: "Barua yako ilifika tarehe 16." Maneno manne na namba moja, na mkono ni wako.

Hukueleza viboko walikuwa wangapi. Mtu aliyekaa wiki nzima akithibitisha vipaumbele vya mto angalau awe amehesabu kitu.

Ufa sasa uko hatua thelathini na moja.

Sitaandika tena mpaka kuwe na habari.

E. Mbambu


Kasese
Jumanne, 31 Machi 2015

Mama Edisa,

Nimesikia redioni sasa hivi. Simu yako haiingii. Simu ya Habibah pia haiingii. Wanasema "sehemu ya shule" na hawasemi zaidi.

Watoto wako wapi? Niambie hilo tu. Nampa barua hii dereva wa boda anayekuja Bwera leo, nimemwambia asirudi bila jibu.

Oyet


Bughendero
Alhamisi, 2 Aprili 2015

Oyet,

Dereva wako nilimrudisha bila jibu. Nilikuwa na kazi.

Hakufa mtu. Baluku alishuka Jumapili ya Matawi, Machi 29, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Watu walikuwa kanisani, matawi mkononi. Tulisikia mngurumo, tukadhani ni lori, kisha tukakumbuka kwamba lori halifiki huku. Mwalimu mkuu, Kobugabe, alitoka mbio akiwa na viatu vya kanisani, akasimama kwenye uwanja wa shule akihesabu kwa sauti ingawa hapakuwa na mtoto wa kuhesabu. Ingekuwa Jumatatu, saa hiyo hiyo, darasa la kwanza na la pili yangekuwa na watoto 131. Nimeliona daftari la mahudhurio. Tulilichimbua kwenye tope.

Yamekwenda madarasa mawili, vyoo na madawati arobaini na manane. Chemchemi yetu, yaani Bwambale, imefunikwa, na bomba limekatika mara tatu. Wanawake wanateka maji mtoni chini ya machinjio. Nilichoona kikielea kwenye ndoo ya jirani yangu Erina jana asubuhi sikiandiki. Alikichota kwa kijiko, akaitia ndoo jikoni, kwa kuwa hana nyingine. Mpaka jana jioni watoto tisa walikuwa wanaharisha.

Kilichoshuka ni nusu. Nusu nyingine inaning'inia, ina ufa mpya, hatua kumi na moja kutoka darasa la tano. Madarasa manne yaliyobaki yako chini yake.

Mwenyekiti wako alikuja Jumatatu saa tano. Alivaa buti mpya za mpira, karatasi ya dukani ikiwa bado imebandikwa kwenye kisigino. Alitembea kidogo kwenye tope, akapigwa picha, kisha akaomba maji ya kuoshea buti. Bomba halipo. Mbele ya uso wangu alichukua jerikeni ambayo watoto wa darasa la sita walikuwa wameipandisha kutoka bondeni kwa ajili ya wagonjwa, akayamimina maji yote, mguu wa kulia, mguu wa kushoto. Akamrudishia binti jerikeni tupu, akamwambia asante. Nimeripoti vita mpakani hapa mara mbili, na sikumbuki kitu kilichonichafua roho kama sauti ya yale maji.

Kisha akahutubia. Tulikuwa watu kama arobaini. Nanukuu kutoka kwenye daftari langu, saa tano na robo:

"Poleni sana. Tumshukuru Mungu hakuna aliyekufa, kwa hiyo hii si dharura. Na kwa kuwa Baluku ameshaanguka, jambo lake limekwisha. Sasa tunasonga mbele, Bwambale anakuwa wa kwanza."

Muzee Yafesi aliinuka taratibu, hana haraka hata siku za tope.

"Mwenyekiti, umeoa kwetu?"

"Hapana, muzee."

"Ndiyo maana. Mtoto wa kwanza akifa, wa pili haitwi Baluku. Tunaendelea kumhesabu wa kwanza hata akiwa kaburini. Na huyu hajafa. Amejikwaa. Nusu yake iko juu ya kichwa chako unapoongea."

Watu walitazama juu. Mwenyekiti pia alitazama juu, akasogea hatua mbili.

Ndipo nilipomuuliza swali lile la Januari 14. Nikasema, "Mwenyekiti, umesema Baluku ameanguka. Baluku yupi? Yule wa matofali nilimwona asubuhi, ni mzima, anakunywa chai."

Aligeuka akashuka njia aliyojia. Alijua siku zote, Oyet. Arobaini walisikia. Alitaja korongo kwa jina lake kama mtu aliyelipa jina mwenyewe.

Sikuulizi tena nani aliongeza herufi. Nakuuliza kama unaweza kula.

Edisa Mbambu


Kasese
Alhamisi, 9 Aprili 2015

Mama Edisa,

Siwezi.

Nitaandika kwa mpangilio kama unavyopenda.

Picha ya Ampeire ilifika Desemba 3. Nilipoiona nilicheka peke yangu, kwa sababu nilielewa mara moja. Majina haya niliyajua kabla sijajua kusoma. Kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha saruji, nilikokulia, tulicheza na akina Baluku na akina Masika, mabinti wa kwanza, kila mlango. Nilikuwa nimeshachapa "Baluku: korongo juu ya shule" mwenyekiti alipokuja kusimama nyuma ya kiti changu. Alisoma. Kisha akasema, "Futa hilo korongo. Weka 'Shamba la Bw.'" Nikamwambia, "Mwenyekiti, hawa si watu, ni..." Akaniuliza, "Karani, kazi yako ni kujua au ni kuandika?" Niliweka. Niliweka kwa wote wanne ili majina yafanane.

Barua yako ilifika Januari 16, saa nne. Siku hiyo muhuri ulikuwa mezani kwangu, na wiki ya Mweya ulikuwa mezani kwangu pia. Mwenyekiti hajawahi kuubeba. Nilikudanganya. Barua niliiweka kwenye droo chini ya mashine ya kubania karatasi, na kila nilipobania karatasi niliiona. Hakuna aliyeniambia niifiche. Hilo ndilo ninaloshindwa kulizunguka. Kuhusu herufi naweza kusema niliamriwa. Kuhusu droo sina wa kumtaja.

Jumapili ya Pasaka nilimwambia mama. Alikuwa anapakua. Aliweka mwiko chini akasema, "Nilipofika hapa kutoka Gulu sikujua neno lao moja. Edisa alinifundisha majina ya watoto siku ya kwanza, sokoni, ili nisimwite mkubwa kwa jina la mdogo nikagombana na mama zao. Wewe hukufundishwa. Ulizaliwa nayo. Ukayafanya mtego." Chakula cha sahani yangu alikirudisha kwenye sufuria.

Leo nimefanya haya. Nimeandika barua yako kwenye daftari la barua zinazoingia. Sikuirudisha nyuma tarehe. Imeandikwa: "Imepokelewa 16 Januari 2015. Imeingizwa 9 Aprili 2015. Sababu ya kuchelewa: karani aliificha." Nimegonga muhuri, nimetia sahihi. Nakala moja iko ndani ya bahasha hii pamoja na picha ya Ampeire na maelezo yake. Nyingine nimeipeleka kwa mkono ofisi ya mazingira ya wilaya. Ya tatu niliiweka juu ya meza ya mwenyekiti. Alisoma, akaniuliza kama nimelewa.

Pingamizi lilifika ndani ya siku thelathini. Kwa kanuni yetu wenyewe orodha lazima irudi kwenu.

Kuhusu viboko: sikuhesabu. Nilikuwa naangalia maji. Mwongoza boti alisema matope yale yametoka milimani kwetu.

Sijui kama bado nina kazi. Sikuandiki ili unihurumie.

Oyet


Bughendero
Jumatatu, 11 Mei 2015

Oyet,

Orodha ya sehemu nne imesimamishwa na sehemu zitapangwa upya kijijini, mbele ya watu. Hayo alisema afisa mazingira wa wilaya, Ijumaa, akiwa amesimama kwenye tope letu kwa viatu vya kawaida. Alisema pia kwamba Mwenyekiti Elly hatasimamia mkutano huo, na kwamba nyavu za waya hazitashushwa mahali pengine popote mpaka mkutano uamue.

Nakala yako yenye muhuri ndiyo aliyoishika mkononi. Sikushukuru. Ulifanya Aprili 9 kitu ulichotakiwa kukifanya Januari 16, na kati ya tarehe hizo mbili kuna madarasa mawili. Umeandika ukweli vizuri. Ni kazi yako, kama ilivyokuwa yangu, na mtu hapigiwi makofi kwa kuivaa suruali yake mwenyewe.

Umeuliza nini? Hukuuliza kitu, lakini nitakujibu hata hivyo. Nilipofika kwenye maneno "karani aliificha" niliacha kusoma nikatoka nje. Nilikuwa nimejiandaa kukuchukia kwa muda mrefu zaidi.

Hali ni hii. Muhula wa pili unafunguliwa Jumatatu, Mei 25. Mwalimu Kobugabe ameandika kwamba hatafungua madarasa manne ya chini ya korongo mpaka safu ya kwanza ya mawe isimame, na kwamba akilazimishwa atakaa yeye peke yake ndani yake pamoja na atakayemlazimisha. Watoto walimalizia muhula wa kwanza kanisani, madarasa mawili kwa kila kona, na sauti ya jedwali la kuzidisha iliingia kwenye sala za wazee.

Anselme alikwenda kwa Baluku wa matofali kuirudisha mianzi. Mia mbili na kumi imekufa. Baluku hakukataa. Alisaidia kuipakia, akamwambia, "Mchukulieni mwenzangu. Mimi nimechoka kuitwa mto." Mbwa bado yuko shimoni.

Wajumbe wa kijiji wamekubaliana kuhusu utaratibu. Maharagwe hayatakuwepo. Karatasi kubwa ya Novemba itatundikwa ukutani. Muzee Yafesi ana sharti moja: mwandishi wa mkutano uwe wewe. Nilipinga. Nilisema nitaandika mwenyewe. Akasema, "Wewe unajua kuandika. Huyo anahitaji kuandika." Utakaa mbele. Kila jina utakaloliandika utalisoma kwa sauti pamoja na mahali pake, kabla hujaweka nukta, na watu wataitikia au watakataa. Ukiweka "Bw." popote, watakusikia.

Mama yako amemtuma Habibah kusema kwamba atakuja. Sufuria yake ndiyo itakayopika uji wa mkutano, kwa maji yaliyochemshwa mara mbili.

Leo ufa uko hatua tisa. Njoo na kalamu, daftari la barua zinazoingia, na muhuri. Mkutano ni Jumanne, Mei 19, saa tatu asubuhi, ukumbi wa kanisa. Ajenda ni moja, nayo ni Baluku.

Edisa Mbambu
Katibu, Kikundi cha Watumiaji Maji